Askofu Halipwi. Je, Zaka Inakwenda Wapi?

Swali: "Mwanangu wa kiume anafanya kazi ghalani Nairobi, mshahara wake shilingi 60,000 za Kenya. Mwaka jana alibatizwa kwa Wamormoni. Kila mwezi anatoa 6,000 kabla hajalipa hata kodi ya nyumba. Ananiambia kanisani kwao hakuna anayelipwa, na askofu wao ni fundi umeme. Baba yake anasema huo ni uongo, hakuna kanisa lisilolipa wachungaji wake. Nani anasema kweli? Hizo pesa zinakwenda wapi? Na siku akishindwa kutoa, watamfukuza?" Mama wa Arusha.

Shikamoo mama.

Nianze na ugomvi wa nyumbani, maana ndio uliokufanya uandike. Mwanao anasema kweli, na baba yake naye hajakosea. Mmoja anamtazama askofu anayemwona kila Jumapili. Mwingine anawafikiria wakubwa ambao kijana hajawahi kuwaona ila kwenye skrini. Kanisa hilo, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lina watu wa namna zote mbili: wa chini hawalipwi kabisa, wa juu wanalipwa, na katikati wapo wanaotunzwa bila kuitwa waajiriwa. Mimi si muumini wake. Kazi yangu ni kukagua hesabu za taasisi za dini, na hesabu za kanisa hili nimezifuatilia kwa miaka mingi kwa sababu sijaona jingine lenye mpangilio mzuri kiasi hicho huku chini na usiri mkubwa kiasi hicho kule juu.

Tuanzie anapokaa mwanao. Kusanyiko lake linaitwa kata, na kata kadhaa hufanya kigingi, neno lililochukuliwa kwa Isaya, kwenye vigingi vya hema. Kata inaongozwa na askofu, kigingi kinaongozwa na rais. Hakuna anayeomba nafasi hizi. Mtu anaitwa, anawekewa mikono, anatumikia miaka mitano hivi kwa askofu, tisa au kumi kwa rais wa kigingi, kisha anarudi kukaa kwenye benchi na wenzake. Wakati wote huo anaendelea na kazi yake, iwe ni ualimu, udereva au, kama kwa mwanao, ufundi umeme. Mshahara hakuna, posho ya kikao hakuna, bahasha ya shukrani hakuna. Jumatano jioni anasikiliza ndoa za watu, Jumamosi anazika, Jumapili yuko kanisani tangu asubuhi, na Jumatatu anapanda matatu kwenda kazini kama kawaida. Walimu wa Jumapili, makarani, viongozi wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, wote ni hivyo hivyo. Hata kufagia na kupiga deki jengo hufanywa kwa zamu na waumini wenyewe katika sehemu nyingi.

Wanayo sababu ya kiimani. Katika Kitabu cha Mormoni, moja ya maandiko yao matakatifu, yumo mfalme aitwaye Benyamini anayewakumbusha watu wake kwamba alifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe asiwalemee kwa kodi, na wamo makuhani walioagizwa wajitafutie riziki wao wenyewe. Anayehubiri ili apate mali na sifa za dunia amelaaniwa waziwazi humo. Kwa hiyo mwanao anapokuambia kwa fahari kwamba askofu wake halipwi, hajapewa maneno ya kujibia. Hilo ni jambo analoliona kwa macho yake, nami namwelewa kabisa kwa nini limemgusa, hasa akitokea kwenye mazingira yetu ya kupanda mbegu na mchungaji kubadilishiwa gari kila mwaka.

Sasa pesa yenyewe inavyotembea. Kwao hakuna kikapu kinachopitishwa ibadani. Muumini anajaza karatasi ndogo, anaandika zaka ni kiasi gani, matoleo ya mfungo ni kiasi gani, anatia kwenye bahasha na kumkabidhi askofu au mshauri wake, au analipa kwa mtandao. Siku hiyohiyo watu wawili wanakaa pamoja, wanafungua, wanahesabu, wanaandika, na pesa zinakwenda benki. Zaka haibaki kwenye kata hata shilingi moja. Inapanda yote. Kisha makao makuu yanairudishia kata bajeti inayopimwa kwa idadi ya watu wanaohudhuria, bila kujali kata ilichangia kiasi gani. Kata ya matajiri na kata ya wachuuzi zenye mahudhurio sawa hupata kiasi kinachokaribiana. Kigingi nacho hutuma wakaguzi mara mbili kwa mwaka kupekua risiti. Na mwisho wa mwaka kila muumini anaitwa kwa askofu, anaonyeshwa orodha ya alichotoa, na kutamka kama hiyo ni zaka kamili au la.

Kwa macho ya mkaguzi, huo ni mfumo safi. Nimewahi kukaa kwenye ofisi za makanisa ambako mchungaji ndiye mweka saini pekee benki, mkewe ndiye mweka hazina, na daftari la sadaka limepotea "wakati wa kuhama". Askofu wa mwanao hata angetaka kuila zaka, njia ni nyembamba mno. Mwambie baba yake hilo bila wasiwasi.

Lakini mwanao naye asiseme hakuna anayelipwa.

Kule Salt Lake City, Utah, wapo wanaoitwa Wenye Mamlaka Wakuu: rais wa kanisa na washauri wake wawili, ambao pamoja huitwa Urais wa Kwanza, Mitume Kumi na Wawili, Uaskofu Simamizi wenye watu watatu, na kundi kubwa la Sabini. Hawa wanatumikia kwa muda wote, nao hupewa posho ya kujikimu. Kanisa halijawahi kulikana hilo. Gordon B. Hinckley, aliyekuja kuwa rais wa kanisa, alilisema kwenye mkutano mkuu wa Oktoba 1985, akieleza kuwa posho hizo ni ndogo zikilinganishwa na mishahara ya wakubwa wa makampuni, na kwamba hazitoki kwenye zaka bali kwenye mapato ya biashara za kanisa. Kiasi chenyewe hakikutajwa. Kilijulikana Januari 2017, zilipovuja karatasi za ndani zikiwemo hati za malipo za mshauri mmoja katika Urais wa Kwanza na barua ya mwaka 2014 iliyosema posho ya msingi inapandishwa kutoka dola 116,400 hadi dola 120,000 kwa mwaka. Kanisa lilijibu kwamba Wenye Mamlaka Wakuu wote hupata posho moja, na likarudia kuwa haitoki kwenye zaka.

Dola 120,000 kwako na kwangu ni pesa nyingi mno, na mwanao akipiga hesabu ataona kuwa mshahara wake wote wa mwaka haufiki hata sehemu ya kumi na mbili yake. Lakini haki itendeke. Kwa Marekani hiyo ni kipato cha mtu wa kati aliyefanikiwa, na wengi wa hawa waliacha kazi zilizolipa zaidi. Russell M. Nelson, aliyeongoza kanisa kuanzia 2018 hadi alipofariki 2025, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Dallin H. Oaks alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Utah. Dieter F. Uchtdorf alikuwa rubani mkuu Lufthansa. Mtu hatafuti utume wa kanisa lile ili atajirike, na sijaona ushahidi kwamba yeyote kati yao ametajirika kwa posho hiyo. Ilikuwepo zamani desturi ya baadhi yao kukaa kwenye bodi za makampuni makubwa na kulipwa huko. Mwaka 1996 waliagizwa wajitoe.

Wapo pia marais wa misheni, watu wazima wanaopelekwa na wake zao miaka mitatu kuongoza wamisionari vijana. Hao hawana mshahara, ila kanisa linawalipia nyumba, gari, matibabu, ada za watoto na matumizi mengine ya kila siku. Wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na vibao vya majina kifuani hawalipwi chochote. Wao au familia zao ndio wanaochangia gharama, na wanaotoka nchi zenye kipato kidogo husaidiwa na mfuko wa kanisa. Na wapo waajiriwa wa kawaida kabisa: wahasibu, wasanifu majengo, wafasiri, wasimamizi wa majengo, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Hawa wana mikataba na mishahara kama wewe ungeajiriwa mahali popote, isipokuwa kwa kawaida muumini anayeajiriwa na kanisa anatakiwa awe anastahili kibali cha kuingia hekaluni, jengo lao takatifu kuliko nyumba za ibada za kawaida, maana yake awe mlipa zaka.

Kinachonishangaza ni kwamba maandiko yao hayakatazi kulipa. Kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 42, kinasema wazi kuwa askofu na washauri wake watunzwe wao na jamaa zao au wapewe ujira wa haki kwa utumishi wao. Hakuna aibu yoyote katika kumtunza mtu anayetumikia muda wote. Kosa ni kuacha vijana kama wako waimbe "hakuna anayelipwa" bila mtu mzima kuwasahihisha.

Haya, zaka. Asili yake ni Julai 1838, Far West, Missouri, pale Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, alipotoa ufunuo ulio sehemu ya 119 ya kitabu hicho. Wakati ule watu walitoa walichonacho: mayai, nyasi kavu, siagi, ndama. Utah walikuwa na maghala ya zaka na nyua za mifugo, na hata fundi angeweza kutoa siku moja ya kazi katika kila kumi. Sehemu ya 120 ndiyo inayosema nani aamue matumizi, na mpaka leo baraza hilo lina wanaume 18: Urais wa Kwanza, Mitume Kumi na Wawili na Uaskofu Simamizi. Hakuna mkutano wa waumini unaopiga kura ya bajeti. Hakuna mjumbe kutoka Kenya, Kongo au Ufilipino.

Matumizi yanayotajwa rasmi ni kujenga na kutunza mahekalu na nyumba za ibada, kuendesha kata, umisionari, elimu, na utafiti wa nasaba za familia. Mwanao ataona baadhi yake bila kwenda mbali. Hekalu la Nairobi lilitangazwa 2017, likaanza kujengwa 2021, likawekwa wakfu Mei 2025. Kabla ya hapo muumini wa Kenya aliyetaka hekalu alikuwa akisafiri hadi Johannesburg. Kinshasa walipata la kwao 2019, na Lubumbashi nalo lilitangazwa 2020. Sioni namna zaka za waumini wa Kenya peke yao zingeweza kulijenga jengo lile la Nairobi, kwa hiyo hapo pesa imetoka kwenye mifuko ya mbali ikaja kwetu.

Inakwenda upande wa pili pia. Katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, mwanafunzi muumini hulipa ada nusu ya anayolipa asiye muumini, kwa kuwa zaka inabeba sehemu kubwa ya gharama. Mwaka 2022 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilionyesha kwa kutumia nyaraka za serikali kwamba katika miaka 15 zaidi ya dola bilioni 1 za Kanada zilitoka kwenye tawi la kanisa nchini humo zikaenda kwenye vyuo hivyo vya Brigham Young nchini Marekani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini muumini wa Kanada aliyedhani zaka yake inajenga kanisa la jirani alikuwa na haki ya kushtuka. Tulijua hayo kwa sababu sheria ya Kanada inazilazimisha taasisi za hisani kuweka hesabu hadharani. Uingereza ni hivyo hivyo. Marekani kanisa haliwajibiki kisheria kufanya hivyo, na lenyewe halifanyi.

Zamani lilifanya. Hadi 1959 matumizi yalikuwa yakitangazwa kwa waumini. Kisha ukaja msimu wa kujenga kupita uwezo, kanisa likatumia kuliko lilichopata, na taarifa ikakoma kuchapishwa. Hali ya fedha ikarudi vizuri miaka ya 1960, taarifa haikurudi. Siku hizi kila Aprili, kwenye mkutano mkuu, mkaguzi wa ndani anasoma aya chache zinazosema mapato na matumizi yalifuata taratibu. Mimi nimeandika taarifa za namna hiyo maisha yangu yote, mama, na nakuambia taarifa isiyo na tarakimu hata moja haimwambii mtoaji chochote.

Hapa tunafika kwenye kiini, na nakuomba uvumilivu kidogo.

Kanisa hili liliwahi kuumwa na deni. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Marekani ililibana kwa sababu ya ndoa za wake wengi, ikachukua mali zake kwa sheria ya 1887, likabaki na madeni makubwa. Mei 1899 rais wake Lorenzo Snow alisafiri hadi St. George, kusini mwa Utah, kukiwa na ukame, akawahimiza watu walipe zaka kwa uaminifu. Walilipa. Mwaka 1907 ikatangazwa kuwa deni limekwisha. Tangu hapo, ukiacha ule mtikisiko wa miaka ya 1950 na 1960, wameshika kanuni moja: tumia pungufu ya unachopata, kinachobaki weka. Ni kanuni ambayo mama yeyote wa Kiafrika anaifahamu. Shida ni ukubwa wa kilichowekwa.

Mwaka 1997 kanisa lilianzisha kampuni ya kuwekeza akiba hiyo, Ensign Peak Advisors. Waumini wengi hawakuwahi kulisikia jina hilo mpaka Desemba 2019, ilipochapishwa habari kwamba aliyekuwa meneja wa uwekezaji humo, David Nielsen, amepeleka malalamiko kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Alidai mfuko umefika dola bilioni 100 hivi, na kwamba kati ya zaka inayokaribia dola bilioni 7 kwa mwaka, karibu bilioni 1 inaingizwa kwenye akiba. Hayo ni madai yake. Kilichothibitishwa ni hiki: Februari 2023 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilitoza faini ya dola milioni 4 kwa Ensign Peak na milioni 1 kwa kanisa lenyewe, kwa sababu kwa miaka mingi hisa za mfuko huo zilitangazwa kwa majina ya kampuni 13 za kufunika ili ukubwa wake usionekane. Tume ilisema kufikia 2018 hisa hizo zilikuwa za dola bilioni 32 hivi. Na tume ilieleza sababu ya kuficha: uongozi uliogopa matokeo mabaya kama umma ungejua ukubwa wa mfuko. Kanisa lilisema lilifuata ushauri wa wanasheria na kwamba linasikitikia makosa yaliyofanyika.

Faini ililipwa na nini? Kanisa lilisema ni kwa faida ya uwekezaji, si kwa zaka. Posho za mitume? Si zaka. Jengo kubwa la maduka la City Creek, lililofunguliwa 2012 ng'ambo ya barabara kutoka hekalu la Salt Lake kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 1? Hinckley alikwisha kuwaambia waumini Aprili 2003 kwamba zaka haitatumika, zitatumika fedha za biashara za kanisa na faida ya akiba iliyowekezwa.

Ukitaka kuelewa, fikiria hivi. Umenipa ng'ombe jike nimtunze kwa ajili ya kazi ya Mungu. Nimemlisha, amezaa. Ndama nimewauza, nimejenga duka. Ukiniuliza, nakujibu: mama, ng'ombe wako sijamgusa, yule pale zizini. Kweli sijamgusa. Lakini wewe moyoni unajua ndama hawakuanguka kutoka mbinguni, na kwa desturi ya huko kwenu uzao wa ng'ombe wa amana haumtoki mwenye ng'ombe hivi hivi.

Mahakama ililitazama jambo hilohilo. James Huntsman, aliyekuwa muumini na mtoaji wa mamilioni ya dola, alishtaki mwaka 2021 akidai alidanganywa kuhusu City Creek. Kesi ilitupwa, ikafufuliwa 2023, na Januari 2025 majaji 11 wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, kanda ya tisa, waliitupa kwa kauli moja: kanisa lilikuwa limesema mapema kwamba litatumia faida ya akiba, kwa hiyo hapakuwa na udanganyifu. Kwa mfano wangu, nilikwisha kukuambia siku ya kwanza kuwa ndama nitauza. Nakubaliana na majaji kisheria. Ila mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mtaani Kayole, Nairobi, akasikia "haikutoka kwenye zaka", hawezi kujua kwamba akiba hiyo chanzo chake kikubwa ni zaka za miaka ya nyuma zilizobaki bila kutumika. Hapo ndipo ninapolilaumu kanisa. Sijaona wizi. Nimeona maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa mbele ya watu wanaotoa kwa imani ya mtoto. Na kwenye karatasi ile ya zaka anayojaza mwanao kila mwezi yamo maandishi madogo yanayosema kwamba kanisa litajitahidi kutumia toleo kama lilivyokusudiwa, lakini likishatolewa ni mali ya kanisa na litatumika kwa uamuzi wa kanisa pekee. Mwambie ayasome.

Swali ambalo hukuuliza, lakini nahisi lipo: je, zaka inasaidia maskini? Kwa sehemu kubwa hapana, na wengi hushangaa. Kazi hiyo ina mfuko wake, matoleo ya mfungo. Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini wanaacha milo miwili na kutoa thamani yake au zaidi. Mfuko huu askofu anaruhusiwa kuutumia palepale: unga, kodi ya chumba, dawa. Kata ikikosa ya kutosha, huongezewa kutoka nje. Kwa mwaka 2024 kanisa lilitangaza kuwa matumizi yake yote ya kuwasaidia wenye shida duniani yalifika dola bilioni 1.45, yakiwemo haya ya mfungo na misaada ya majanga, chakula na visima. Ni kiasi kikubwa, na kimekua tangu habari za 2019 zitoke. Ukikiweka kando ya akiba niliyoitaja, kila mtu ataamua mwenyewe kama kinatosha. Mimi naona hakitoshi.

Aprili 2018 Rais Nelson alikuwa Nairobi, akawaambia waumini kwamba wanawafundisha maskini kulipa zaka kwa sababu zaka huvunja mzunguko wa umaskini unaorithiwa kizazi hadi kizazi. Siku hiyo aligusa na mahari pia, akisema si njia ya Bwana. Najua yupo muumini atakayekuapia kwamba alilipa zaka na mlango ukafunguka, na sina haki ya kumbishia ushuhuda wake. Lakini kama mtu wa hesabu siwezi kumwambia kijana mwenye mshahara wa 60,000 kwamba kutoa 6,000 kutampunguzia umaskini. Akitoa, atoe kwa sababu anamwamini Mungu wake, asitoe akitegemea kurudishiwa.

Na hizo 6,000 zenyewe, nani kamwambia? Ule ufunuo wa 1838 ulitumia neno ambalo watu walibishana miaka mingi kama ni mapato yote au kile kinachobaki. Mwaka 1970 Urais wa Kwanza ulituma barua kusema maana yake ni mapato, kisha ukaishia hapo, ukamwachia kila muumini aamue na Mungu wake. Maana yake mwanao ana ruhusa kamili ya kuhesabu kwenye kile anachopokea mkononi baada ya kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya na tozo ya nyumba. Kwa mshahara wake zaka hiyo ni kama 4,500. Tofauti ya karibu 1,500 kwa mwezi ni nauli ya siku nyingi, na hakuna askofu mwenye mamlaka ya kumwambia amekosea.

Akishindwa kutoa, hafukuzwi. Ataendelea kuhudhuria, kushiriki sakramenti, kusalimiwa. Anachopoteza ni kibali cha hekaluni, kwa kuwa moja ya maswali ya kukipata ni kama analipa zaka kamili. Hapa nakuomba unisikilize kama mama. Ndoa yao ya milele hufungwa ndani ya hekalu, na anayeingia kushuhudia lazima awe na kibali. Siku mwanao akioa pale Nairobi, wewe uliyemzaa utasubiri nje, hata kama umesafiri usiku kucha kutoka Arusha. Yameshatokea mengi ya hivyo, na wazazi wameumia. Tangu Mei 2019 kanisa limeruhusu wafunge kwanza ndoa ya kiserikali mahali ambapo ndugu wote wanaweza kukaa, kisha waende hekaluni siku yoyote bila kusubiri mwaka mzima kama ilivyokuwa Marekani na kwingineko. Anza kumwambia sasa kwamba unataka ile ya kwanza ifanyike nyumbani, na baba yake awepo.

Usimkataze kutoa. Ni mtu mzima, na ukimkataza atatoa kwa siri na kukuficha mengine. Mwombe akuonyeshe ile orodha ya mwaka ya alichotoa, ukae naye, mwandike pembeni kodi ya chumba, chakula, nauli, na anachokutumia wewe. Na mwezi atakaokwama kweli, asione haya kumwendea yule fundi umeme. Matoleo ya mfungo yamewekwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na askofu anaweza kumlipia kodi ya chumba moja kwa moja kwa mwenye nyumba.